Damu Moja, Vichupa Viwili

Kengele ya kutoka shuleni ilipolia, wenzake walikimbilia nyumbani na Chiriku alielekea hospitali. Si kwamba alikuwa mgonjwa. Mama yake alikuwa mtaalamu wa maabara, na nyumbani hakukuwa na mtu wa kumpokea mchana. Kwa hiyo kila siku alivuka barabara, akapita getini, akamsalimia mlinzi, kisha akaingia ndani kumsubiri mama amalize kazi.

Chiriku lilikuwa jina lake la nyumbani. Alilipata kwa sababu ya mdomo wake, maana alianza kusema asubuhi kabla hata hajanawa uso na hakunyamaza mpaka usingizi umchukue. Lakini kulikuwa na mahali pamoja palipomfunga mdomo, napo ni kwenye korido ya kwenda maabara. Ilikuwa ndefu, haina dirisha, na taa yake ya katikati ilikuwa na tabia mbaya ya kuzimika mtu anapofika chini yake. Chiriku alipita hapo mbiombio, mkoba ukimpiga mgongoni, na wala hakugeuka nyuma.

Mwisho wa korido kulikuwa na chumba kidogo chenye benchi. Hapo ndipo alipofanyia kazi zake za shule. Chumba hicho na maabara vilitenganishwa na ukuta wa kioo, na mlangoni palipigwa mstari wa manjano sakafuni. Kuuvuka ilikuwa marufuku. "Huko kuna damu za watu," mama alimwambia siku ya kwanza, "na damu ya mtu si kitu cha kuchezea."

Mwezi ule maabara ilikuwa imepata mgeni. Ilikuwa mashine mpya ya kuhesabu chembe za damu, kubwa kama kabati la vyombo, nyeupe tupu, na usoni ilikuwa na taa moja ya kijani. Ukiiwekea kichupa cha damu, sindano ndefu ilishuka yenyewe, ikanyonya tone, ikapanda. Kisha mashine ilishusha pumzi. Kweli kabisa, ilishusha pumzi kama mtu aliyechoka! Mara ya kwanza Chiriku aliposikia, vinyweleo vilimsimama.

"Ni pampu tu hiyo," alisema fundi aliyekuja na mashine, huku akicheka. "Inajisafisha koo."

Chiriku hakucheka. Alikuwa ameona kwamba popote alipokaa kwenye lile benchi, taa ya kijani ilikuwa inamtazama yeye.

"Mama, hiyo mashine mmeinunua?" aliuliza.

"Bado. Tunaijaribu kwanza," mama alijibu. "Damu ileile tunaipitisha kwenye mashine ya zamani, kisha kwenye hii mpya, halafu mimi nachukua hadubini na kuhesabu mwenyewe. Majibu yakikubaliana, inabaki. Yakigombana, inarudi ilikotoka."

Kulikuwa na tatizo moja tu. Mashine ya zamani ilikuwa na kiu kubwa. Ilitaka vichupa vikubwa vya watu wazima, na vichupa vidogo vya watoto ilivikataa. Hapo ndipo mpya ilipohitajika zaidi. Basi hospitali ikaomba watoto wachache wenye afya njema, kwa ruhusa ya wazazi wao, watoe damu kidogo ya majaribio. Mama wa Chiriku alimwandikisha mwanawe bila kumuuliza. Na shangazi mmoja fundi cherehani, aliyekaa jirani na shule, alimruhusu mpwa wake aliyekuwa akimlea.

Mpwa huyo ndiye Mshale.

Mshale alikaa dawati moja na Chiriku tangu darasa la kwanza. Alikuwa mkimbiaji wa shule, tena alikimbia pekupeku, kwa sababu viatu, alisema, vilimpunguzia kasi. Mashindano ya mbio ndefu yalikuwa yamekaribia na yeye ndiye aliyetegemewa. Lakini siku za karibuni alikuwa amebadilika. Alipopanda ngazi za darasani alishika ukuta. Alisinzia kipindi cha hesabu. Na alikuwa na uraibu wa ajabu wa kutafuna chaki! Alizivunja vipande, akavitia mdomoni, akavisaga taratibu kama peremende, na midomo yake ikabaki myeupe kutwa nzima.

"Futa midomo, unatisha," Chiriku humwambia.

"Nishafuta," Mshale humjibu.

Na kweli alikuwa ameshafuta. Midomo ilibaki vilevile.

Siku ya kutoa damu, watoto walipangwa kwenye korido, wote na sare za shule. Kila mmoja alipewa kadi yenye namba, maana katika majaribio yale hawakuandika majina. Mshale alipata kumi na tisa na Chiriku ishirini. Walikuwa wa mwisho.

Aliyetoa damu alikuwa mzee mnene mwenye mikono laini, watoto wakimwita Mjomba Sindano. Alikaa nyuma ya pazia na kuita namba. Mjomba Sindano hakuwa mtu wa kutazama nyuso. Yeye alitazama mikono tu, akaifunga mpira, akaipapasa, akatafuta mshipa. Walisema angeweza kupishana na mtu sokoni asimjue mpaka akunje mkono wa shati.

Chiriku alikuwa akiogopa sindano kuliko kitu chochote duniani. Foleni ikazidi kupungua. Taa ya korido ikazimika, ikawaka. Nyuma ya kioo, mashine ikashusha pumzi. Mshale aliitwa, akaingia, akatoka ameshikilia pamba mkononi, anatabasamu.

"Ishirini!" Mjomba Sindano aliita.

Chiriku alimdaka Mshale mkono wa nguo. "Rudi wewe," alimnong'oneza. "Nakuomba. Nenda na kadi yangu."

"Wee! Una wazimu?"

"Hatazami uso. Mpe mkono mwingine. Nitakupa chaki, boksi zima." Chiriku ndiye aliyetunza chaki za darasa.

Mshale aliguna. Akaitazama kadi, akamtazama rafiki yake, akashusha mkono mmoja wa sweta, akapandisha mwingine. "Mwoga mkubwa," alisema, akaingia tena.

Kutoka nyuma ya pazia Chiriku alisikia sauti ya Mjomba Sindano: "Haya, mkono. Lo, mishipa ya huyu nayo imejificha kama ya mwenzake! Watoto wa siku hizi hamnywi maji?" Kisha: "Tayari. Wa mwisho huyo."

Mshale alitoka, akaegemea ukuta, akateleza taratibu mpaka akakaa sakafuni. "Kumbe korido hii inazunguka," alisema polepole.

Chiriku alicheka. Alicheka kwa sababu mzigo ulikuwa umemtoka mabegani, na wala hakufikiria kitu kingine. Mshale alipumzika kidogo, akajikokota, akaenda kwao.

Jioni ileile Chiriku alikuwa benchini na daftari lake la jiografia. Upande wa pili wa kioo, mama alipitisha vichupa vya watoto mashineni, kimoja baada ya kingine. Sindano ikashuka, ikapanda. Mashine ikashusha pumzi. Sindano ikashuka, ikapanda. Ghafla mlio mkali ukasikika, na mistari myekundu ikajaa kwenye skrini. Mama aliinama kusoma. Akaweka kichupa kilichofuata, cha namba ishirini, ambayo alijua ni ya mwanawe. Mlio tena, wekundu tena.

Mama alisimama wima. Halafu aligeuka polepole akamtazama Chiriku kupitia kioo.

Chiriku hakuwahi kutazamwa vile na mama yake. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa macho ya mtu anayemwona mwanawe kwa mara ya mwisho.

Mama alivua glovu, akatoka, akapiga magoti mbele yake. Akamvuta kope la chini, akalichungulia. Akamgeuza viganja, akambonyeza kucha. "Unajisikiaje? Kizunguzungu? Moyo unakwenda mbio?"

"Sina kitu, mama."

"Damu yako, mwanangu..." Mama akabonyeza kucha nyingine. "Wekundu wa damu, ule unaobeba hewa mwilini, kwako umeshuka mpaka sita. Mtoto wa umri wako anatakiwa awe na kumi na mbili. Mtu wa sita hapandi ngazi. Mtu wa sita hasimami kuchekacheka."

Hakungoja. Alileta kisindano kidogo, akamtoboa Chiriku kidole palepale benchini. Basi yule aliyekuwa amemuuza rafiki yake ili aikwepe sindano, sindano ilimfuata mpaka alipokaa! Alipiga ukelele uliosikika mpaka nje, lakini mama hakumbembeleza. Alipeleka damu mashineni mbiombio.

Safari hii taa ilibaki kijani. Kumi na mbili na nusu. Mama alishika meza, akafumba macho. Kisha akaenda kumwita mkuu wa maabara na fundi wa mashine.

Mkuu wa maabara alikuwa mtu mrefu mkavu, mwenye kutaka kila jambo liishe leo. Aliamuru vichupa vile viwili vipimwe upya. Vikapimwa. Majibu yakawa yaleyale. Mashine ilikuwa imeshikilia neno lake. Fundi akasema pengine damu ya mtu mmoja ilibaki kwenye mirija ikachafua iliyofuata. Akapitisha maji safi yasiyo na damu hata chembe, na mashine ikasoma sifuri.

"Imesafika kabisa," fundi alisema, akijikuna kichwa. "Haikubakisha kitu."

"Basi inaona vitu ambavyo havipo," mkuu alisema. "Mtoto yule pale, mzima kama kengele. Mashine inasema ni mahututi. Tena angalia kumi na tisa na ishirini: hesabu zao zinafanana kila mstari. Hakuna watoto wawili wenye damu moja namna hii! Futeni zote mbili. Kesho jioni nawapigia wenye mashine waje kuibeba."

"Na huyo kumi na tisa?" mama aliuliza. "Hatumwiti tumpime tena?"

"Kama imekosea kwa mwanao, imekosea na kwa huyo. Tutawatia watu hofu bure."

Mama alivirudisha vile vichupa viwili jokofuni. Kwa kawaida yeye asingeacha jambo kama lile mpaka aangalie kwa hadubini. Lakini alikuwa ameponea chupuchupu kupoteza mtoto, au ndivyo alivyohisi, na furaha ilimziba macho.

Chiriku alisikia yote. Neno lilikuja mpaka kwenye ulimi, likakwama. Angesemaje mbele ya mkuu? Kwamba mtoto wa mtaalamu wa maabara ndiye aliyeharibu majaribio? Mama angeiweka wapi sura yake? Akajiambia kwamba huenda mashine imekosea kweli. Usiku ule alikula kimya, akaoga kimya, akalala kimya. Mama alidhani kidole kinamuuma.

Asubuhi alimpelekea Mshale boksi la chaki. Mshale alilipokea kama mtu mwenye njaa anavyopokea chakula. Alipofungua kinywa, Chiriku aliona fizi zake. Hazikuwa nyekundu. Zilikuwa na rangi ya karatasi. Akamshika mkono, na mkono ulikuwa baridi ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

"Mbona unanitazama kama umeona maiti?" Mshale aliuliza.

"Usikimbie kesho."

"Kwa nini?"

"Basi tu. Usikimbie."

"Ala! Mwaka mzima nafanya mazoezi, wewe unaniambia basi tu?" Mshale alivuta mkono wake. "Kama unanionea wivu, sema."

Chiriku aliokota mkoba wake akaingia darasani. Mchana kutwa mwalimu alifundisha na yeye hakusikia hata neno moja. Alikuwa akihesabu pumzi za mwenzake. Zilikuwa fupifupi, za harakaharaka, kama za mtu aliyekimbia, na Mshale alikuwa amekaa tu.

Alasiri alipofika maabara hakukuta mtu. Mama, fundi na mkuu walikuwa wamejifungia ofisini upande wa pili wa korido, wakizungumzia jinsi ya kuirudisha mashine. Chiriku alikaa benchini. Dirisha la chumba kile lilitazamana na uwanja wa shule, na uwanjani alimwona Mshale peke yake, pekupeku, akizunguka. Alikuwa akikimbia vibaya. Aliyumba, akajirekebisha, akayumba tena.

Hapo umeme ukakatika.

Majokofu yaliyokuwa yakinguruma yakanyamaza. Feni ikasimama. Taa ya kijani ikafa. Maabara nzima ikawa kama imezuia pumzi, na Chiriku akaukumbatia mkoba wake.

Nje ya jengo jenereta likakohoa, likashika. Na mle ndani, bila mtu kuigusa, mashine ikaamka. Ikashusha ile pumzi ndefu. Sindano ikashuka yenyewe, ikapapasa mahali pasipo na kichupa, ikapanda. Skrini ikawaka. Na kwenye skrini yakatokea majibu ambayo yalikuwa bado hayajafutwa, mistari miwili myekundu, mmoja juu ya mwenzake: kumi na tisa, ishirini.

Sita. Sita.

Mashine hiyo ilikuwa inakumbuka tu ilichoachiwa kabla umeme haujakatika, kama fundi alivyokuja kueleza baadaye. Lakini Chiriku hakujua hayo. Alichojua ni kwamba chumbani hakukuwa na mtu, na kile kitu kilikuwa kinamwonyesha jambo analolijua yeye peke yake.

Akageuka dirishani. Mshale hakuwa anakimbia tena. Alikuwa amekaa chini, ameegemea nguzo ya goli, kichwa kimemlalia begani, na hatikisiki.

Chiriku alitoka mbio. Hakupiga hodi. Alisukuma mlango wa mkuu wa maabara ukagonga ukuta, jambo ambalo tangu ofisi ile ijengwe halikuwahi kufanywa na mtu.

"Mashine haijakosea!" alipiga kelele. "Ile damu si yangu! Ni ya Mshale, zote mbili ni za Mshale! Niliogopa sindano nikampa kadi yangu, naye yuko uwanjani, hatikisiki!"

Mkuu alibaki amenyanyua simu mkononi. Mama ndiye aliyeelewa kwanza. Chiriku aliona maana ya maneno yale ikimwingia usoni, ikampita, na uso ukabaki mgumu. Alijua kwamba atagombezwa. Lakini mama hakumgombeza. Alipiga hatua moja akampita, akatoka mbio koridoni huku akimwita Mjomba Sindano kwa sauti ambayo Chiriku hakuijua.

Walimkuta Mshale macho wazi nusu. Midomo yake ilikuwa myeupe na haikuwa na chaki hata punje. Mama alimshika kifundo cha mkono. "Moyo unakwenda kama cherehani," alisema. Mjomba Sindano alimbeba mgongoni, na alipomnyanyua alishtuka kwa jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Mshale," Chiriku aliita huku akikimbia pembeni yao, analia waziwazi. "Mshale, nijibu!"

Walikuwa wameshafika getini ndipo Mshale aliposema, kwa sauti ndogo ya mbali, "Nani kazima taa?"

Ilikuwa mchana kweupe.

Daktari wa watoto alimlaza, akamwekea hewa ya kumsaidia kupumua, akaagiza apimwe kila kitu. Mama alirudi maabara, akatoa vile vichupa viwili kwenye jokofu kabla mtu hajavitupa. Alipaka tone la kila kimoja kwenye kipande cha kioo, akavitia rangi, akaviweka chini ya hadubini. Alikaa muda mrefu bila kuinua kichwa. Kisha akamwita Chiriku, akampa glovu, na kwa mara ya kwanza akamruhusu avuke mstari wa manjano.

"Tazama."

Chiriku alitazama. Chembe zilikuwa ndogondogo, zimepauka, katikati hazina rangi, zimebaki duara za ukingo tu kama pete. Kwenye kioo cha kwanza na kwenye kioo cha pili, zilezile.

"Sasa tazama zako za jana, za kidoleni." Hizo zilikuwa nyekundu, zimejaa. Chiriku alijifuta machozi kwa bega, kwa sababu mikono ilikuwa na glovu.

Kufikia jioni majibu ya choo nayo yalitoka. Daktari aliwaita mama, shangazi na Chiriku kando ya kitanda. Shangazi alikuwa amekuja na sindano ya kushonea bado imechomekwa kifuani mwa gauni, kwa haraka aliyokuwa nayo.

"Ana safura," daktari alisema. "Ni minyoo midogo sana. Inakaa kwenye udongo wenye kinyesi, inapenya kwenye ngozi ya mguu usio na kiatu, inasafiri mpaka tumboni. Huko inajishika na kunyonya damu, kidogo kidogo, kila siku, na mtu hasikii maumivu. Huyu amenyonywa miezi."

"Na zile chaki?" shangazi aliuliza. "Nilidhani ni utundu. Nilimpiga marufuku mpaka nikachoka."

"Mwili ukikosa madini ya chuma, mtu hutamani kutafuna vitu visivyo chakula. Wengine chaki, wengine udongo. Haukuwa utundu, mama. Ulikuwa ugonjwa." Daktari alivua miwani. "Tutampa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu. Atakula maharage, mboga za majani, na nyama ikipatikana. Atapona. Lakini mbio za kesho, kwa damu ile, moyo wake usingezihimili. Nadhani mnanielewa."

Wote walimwelewa. Shangazi aliketi ukingoni mwa kitanda, akauficha uso kwenye kanga yake, akalia. Chiriku alitazama sakafu. Ingekuwaje kama angelala na siri yake usiku mmoja tu zaidi!

Koridoni mkuu wa maabara alikuwa akiwasubiri. Alikohoa. "Mashine inabaki, majaribio yanaendelea," alisema. Kisha, kwa shida kidogo, "Na mimi nilikuwa na haraka. Nilipaswa kukubali mtoto yule aitwe jana."

"Na mimi nilitazama mikono," Mjomba Sindano alisema, hajui mahali pa kuficha mikono yake mwenyewe. "Mishipa ile niliiona imefanana, nikafanya mzaha. Sikumuuliza mtoto yeye ni nani. Namba haina uso. Tangu leo, mtu asiponitajia jina lake, simgusi."

Mshale alikaa wodini siku kadhaa. Mara ya kwanza Chiriku alipokwenda kumwona, Mshale aligeukia ukutani.

"Umenikosesha mbio."

"Najua."

"Mwaka mzima!"

"Najua. Nisamehe. Nilikupa sindano yangu, nikakulipa kwa chaki, ugonjwa wako mwenyewe. Nilikuona unaanguka nikacheka."

Mshale alivuta shuka mpaka kidevuni. "Nilipokuwa nakimbia," alisema mwishowe, bado ametazama ukuta, "dunia ilikuwa inazima pembenipembeni, inabaki tundu dogo katikati. Nilidhani kila mkimbiaji anaona hivyo. Sikujua ni kitu cha kumwambia mtu." Akageuka. Midomo yake ilikuwa imeanza kupata rangi. "Shangazi kaninunulia viatu. Vibaya, vya zambarau! Ukinicheka, nakupiga navyo."

Chiriku alicheka, na Mshale hakumpiga.

Walipotoka wodini, mama alimshika Chiriku mkono, wakaingia kwenye ile korido ndefu. Hakuwa amemgombeza mpaka siku ile, na kutogombezwa kulikuwa kumemuumiza Chiriku kuliko fimbo.

"Sikiliza, mwanangu," mama alisema. "Kuogopa sindano si kosa. Ungeniambia ningekushika mkono, au ningekufuta kabisa kwenye majaribio. Hakuna mtu angekulazimisha. Kosa lako ni kuweka namba yako kwenye damu ya mwenzako. Mashine ilisema kweli tangu mwanzo, lakini wewe uliifanya kweli yake ionekane uongo, na sisi watu wazima tukaitupa. Hivyo ndivyo uongo mdogo unavyofanya kazi hospitali. Hauumizi palipotamkwa. Unakwenda kumuumiza mtu mwingine kitandani, asiyejua hata kwamba umesemwa."

"Na mimi nilijua, mama. Nilijua tangu jioni ile ya kwanza."

"Ndiyo. Ulichelewa. Lakini ulikuja ukasema mbele ya watu wote, na ndiyo sababu ana uhai. Mambo yote mawili ni yako, lile la aibu na hili. Usisahau hata moja."

Taa ya katikati ikazimika juu ya vichwa vyao. Walitembea gizani pamoja, hatua za kawaida, mpaka ikawaka.

Nyuma ya pazia Mjomba Sindano alikuwa amekaa. Chiriku alisimama mbele yake, akakaa kitini bila kuitwa, akaunyosha mkono. Kwenye majaribio bado kulikuwa na pengo la mtoto mmoja.

Mjomba Sindano hakuutazama mkono. Aliinua macho, akamtazama usoni.

"Jina lako kamili?"

Chiriku alilitaja lote, lake na la baba na la babu, kwa sauti iliyotetemeka lakini iliyosikika mpaka mwisho wa korido. Mjomba Sindano akaliandika kwenye kichupa, akamfunga mpira. Sindano ikaingia. Machozi yakamtoka Chiriku, lakini hakufumba macho. Aliitazama damu ikipanda, nyekundu, ya moto, mpaka kichupa kikajaa.

Mjomba Sindano alikiinua kwenye mwanga. "Hii damu ya nani?"

"Yangu," Chiriku alisema.